Nani Alikuwa Mshenga wa Wafalme?

Nina kaunta buku moja lenye jalada jeusi ambalo mke wangu haruhusu likae sebuleni. Humo nimeandika posa zote nilizopeleka tangu mwaka 1984: jina la kijana, jina la binti, kijiji, tarehe, tulichotozwa na tulichobakiza kama deni. Ziko 31. Sita zimevunjika, na hizo nimezizungushia wino mwekundu, tabia ya ualimu ambayo kustaafu hakukuiondoa.

Nilifundisha historia miaka 38. Mimi ni Mnyakyusa wa Masoko, Rungwe, nikaoa Kalenga na kuzeekea Kihesa, Iringa mjini. Mtu wa aina hii haikwepi kazi ya ushenga. Watu wa Mbeya kijana wao akimpenda binti wa Iringa wananipigia simu kwa sababu najua milango. Wa Iringa wakitaka binti wa Tukuyu wananipigia kwa sababu najua lugha. Nimepanda mabasi ya Uyole, Chimala, Makambako na Mafinga hadi makonda wananiita mkwe.

Mwezi uliopita nilikuwa Kalenga tena, nimewatangulia vijana wa Tukuyu, barua ya posa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya leso. Tukapewa viti, tukanyamaza inavyotakiwa. Tukalipa kifungua mdomo. Tukasomewa orodha: mkaja wa mama, blanketi la bibi, mgolole wa babu, ng'ombe, na jembe, ambalo siku hizi ni noti lakini bado linaitwa jembe. Kisha baba mdogo wa binti, mzee wa sauti ya taratibu, akauliza: mbali na hivyo, mnatuletea nini? Nikajibu ninavyojibu siku zote.

"Tumekuja kujenga undugu, baba. Watu wakishaoana hakuna tena wa kuwagombanisha."

"Mwalimu," akasema, "na wale wa Ilula uliwaambia hivyo hivyo?"

Nyumba nzima ikacheka. Nami nikacheka, maana mshenga asiyejua kuchekwa abaki kwake. Ila usiku ule sikupata usingizi, na aliyenijia kichwani hakuwa mtu wa Ilula. Alikuwa babu.

Babu yangu mzaa baba alizaliwa na kufia Masoko, karibu na ziwa la Kisiba, lile la kasoko ambalo kando yake watoto huokota sarafu za Kijerumani. Hakujua mwaka aliozaliwa. Alijua kwamba vita vilipoanza alikuwa ameota ndevu lakini hajaoa. Septemba 1914 Wajerumani walikwenda kuwapiga Waingereza kule Karonga, wakashindwa, na babu alikuwa miongoni mwa waliowabebea mizigo kwenda na kurudi. Mei 1916 Waingereza wakaja wenyewe, jeshi la Jenerali Northey likitokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakaikamata Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg. Vijana waliojificha migombani wakatolewa tena. Kazi ilikuwa ile ile, safari hii ikiitwa tengatenga. Babu akapanda na jeshi hilo hadi Njombe, na kutoka Njombe hadi Malangali, walikopigana mwezi Julai. Mara ya kwanza alibeba sanduku la Kaiza wa Ujerumani, mara ya pili akabeba la binamu yake Kaiza. Uzito, alisema, ulikuwa mmoja.

Hilo la ubinamu hakulijua wakati akibeba. Nilimwambia mimi, mwaka 1973, nikiwa likizo kutoka chuo cha ualimu, nimejaa elimu kama gunia la mpunga wa Kyela. Nilimkuta barazani anachonga mpini. Nikamwambia, "Babu, wale wafalme wawili waliokubebesha walikuwa mtu na binamu yake. Bibi yao mmoja."

Akaacha kuchonga. Akafikiri muda mrefu.

"Na huyo bibi alikuwa hai bado?"

"Hapana. Alikufa mwaka 1901."

"Basi," akasema, akauchukua mpini wake akaendelea.

Nilikuwa na miaka 20, nikaona mzee hajaelewa. Chuoni tulifundishwa sababu za vita ile: ubeberu, malighafi, masoko, kugombea makoloni. Hakukuwa na bibi kwenye orodha. Orodha hiyo naiamini hata leo, nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu. Ila nimechelewa sana kulielewa swali la babu, nalo ndilo nataka kulifikiri hapa kwa kalamu.

Niwatambulishe familia hiyo kama ningefanya ukumbini. Malkia Victoria wa Uingereza alitawala tangu 1837 hadi alipofariki. Mwaka 1840 aliolewa na Albert, mtoto wa mjomba wake, wakazaa watoto tisa. Albert alikuwa mtu wa mipango. Aliamini kwamba binti yao mkubwa akiolewa katika ukoo wa wafalme wa Prussia, Ujerumani itakayoungana kesho itakuwa rafiki ya Uingereza, na wajukuu watakaozaliwa watakuwa kamba ya kuzifunga nchi mbili. Januari 1858 binti huyo, wanamwita Vicky, akaolewa akiwa na miaka 17. Januari 1859 akajifungua Wilhelm, kwa uchungu mzito uliomwacha mtoto na mkono wa kushoto uliopooza. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Kaiza Wilhelm wa Pili, mwenye nchi yetu wakati ule.

Wadogo zake Vicky nao wakaozwa huku na huku. Alice aliolewa Hesse, na binti yake Alix akaolewa mwaka 1894 na Nicholas wa Pili wa Urusi. Dada mwingine wa Alix, Irene, aliolewa na Heinrich, mdogo wake Kaiza. Kwa hiyo mdogo wa Kaiza na mfalme wa Urusi walikuwa wanyumba, waume wa madada wawili. Na kaka yao Vicky, yule aliyekuwa Mfalme Edward wa Saba, alikuwa mjomba wa Kaiza. Mwanawe ndiye George wa Tano, mfalme wa Uingereza wakati wa vita.

Hapa lugha yetu inaona zaidi ya zao. Kwa Waingereza, George, Wilhelm na Nicholas wote ni mabinamu, neno moja limewamaliza. Sisi hatuchanganyi. George na Wilhelm ni mabinamu kweli: mmoja mtoto wa mjomba, mwingine mtoto wa shangazi. Lakini mama yake George na mama yake Nicholas walikuwa madada wa tumbo moja, mabinti wa mfalme wa Denmark, Alexandra mkubwa na Dagmar mdogo. Watoto wa mama mkubwa na mama mdogo ni ndugu. Ukiwaita mabinamu mbele ya bibi yangu ungerekebishwa kwa mwiko wa ugali.

Mei 1913 wote watatu walikutana Berlin arusini. Kaiza alikuwa akimwoza binti yake wa pekee, Viktoria Luise, kwa kijana wa ukoo wa Hanover. Hiyo ilikuwa ndoa ya kupatanisha: mwaka 1866 Prussia iliinyang'anya familia ya bwana arusi ufalme wake, na koo mbili zilikaa karibu miaka 50 hazisalimiani. Arusi ikaumaliza ugomvi huo. Nikiwa mshenga naivulia kofia. Zipo picha za siku zile, wamevaa sare na nishani, wamependeza. Miezi 14 baadaye majeshi yao yakawa yanauana.

Hata siku za mwisho Kaiza na Nicholas walikuwa wakipelekeana simu za maandishi, kwa Kiingereza, wakitia sahihi kwa majina ya utotoni, Willy na Nicky, kila mmoja akimwomba mwenzake asaidie kuzuia vita. Simu zilianza tarehe 29 Julai 1914. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi.

Ya Nicholas na George ndiyo yanayoniuma zaidi. Wale ndugu wawili walifanana sura hadi ndevu, kiasi kwamba wageni waliwachanganya. Nicholas alipoondolewa kwenye kiti Machi 1917, serikali ya Uingereza ilikubali kumpokea na familia yake. Aliyeomba ukaribisho huo ufutwe ni George mwenyewe, kupitia katibu wake, akihofia wananchi wataanza kukitazama na kiti chake. Tarehe 17 Julai 1917 akabadilisha hata jina la ukoo, la Kijerumani likafutwa, wakawa Windsor. Tarehe hiyo hiyo ya 17 Julai, mwaka 1918, Nicholas, mkewe Alix na watoto wao watano wakapigwa risasi katika chumba cha chini cha nyumba moja mjini Yekaterinburg. Tunawafundisha watoto kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Methali hiyo nilikuwa nikidhani inasema kwa mafumbo, mpaka nilipoiona picha ya watu hao wawili wamesimama bega kwa bega.

Sasa nirudi kwa babu. Kwa nini aliuliza kama bibi alikuwa hai?

Mwaka 1980 nilipompeleka mke wangu Masoko kwa mara ya kwanza, alifanya kosa ambalo kwao Uhehe si kosa. Alimwona baba yangu anakuja, akanyanyuka kwa furaha, akamkimbilia ampe mkono, "Kamwene, baba!" Mama zangu wakaziba midomo. Baba aligeuka akaingia migombani mbio kama aliyeona nyuki. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Wakikutana njiani, binti huacha njia. Mke wangu alilia akidhani amekataliwa. Ilibidi shangazi amweleze kwamba kule kukimbia ndiko kukubaliwa kwenyewe: baba alikuwa amekwisha kumhesabu kuwa mkwe, ndiyo maana alimwonea haya.

Haya. Hilo ndilo neno lililokuwa mdomoni mwa babu bila kulitamka. Ukwe haushikwi na ng'ombe wala cheti cha ndoa. Unashikwa na watu fulani ambao ukifanya uovu huwezi kuwatazama: bibi, shangazi, mshenga aliyeweka uso wake mbele kwa niaba yako. Victoria alipokuwa anakata roho Januari 1901, Kaiza alisafiri hadi kitandani kwake Osborne akamshikilia kwa ule mkono wake mzima hadi mwisho. Kiburi chote cha mtu yule kilikuwa kimepiga magoti kwa kikongwe kimoja. Bibi akaondoka. Mjomba Edward, ambaye Kaiza hakumpenda hata kidogo, naye akaondoka mwaka 1910. Baada ya hapo Ulaya nzima haikuwa na mtu wa kumwita George, Wilhelm na Nicholas kwenye mkeka mmoja na kuwauliza, "Ninyi watoto, mna nini?"

Utasema palikuwa na Mungu. Nami nasema hivyo, ni Mmoravia wa kuzaliwa. Lakini tazama: Kaiza alikuwa ndiye mkuu wa kanisa la Prussia. George alikuwa ndiye mkuu wa Kanisa la Uingereza. Hata Nicholas, kanisa la Urusi lilikuwa chini ya serikali yake. Wachungaji ambao wangeweza kuuliza swali kwa niaba ya Mungu walikuwa wakila mkate wa muulizwa. Katika makanisa yote hayo mwaka 1914 yaliombewa majeshi, kila kanisa lake.

Maandiko yanalijua jambo hili. Sulemani alimwoa binti wa Farao, akamjengea na nyumba. Mwaka wa tano wa utawala wa mwanawe, mfalme mwingine wa Misri akapanda Yerusalemu akazoa hazina za hekalu. Ukwe ule ulikuwa wa viti viwili vya enzi. Waliovikalia walipobadilika, nao ukaisha. Rafiki yangu tuliyefundisha pamoja, Mwislamu wa hapa Kihesa, alinipa mfano wa pili, na nikiri kwamba ni mzuri kuliko wangu. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipomwoa Bi Juwayriya, binti wa mkuu wa Banu Mustaliq, kabila hilo lilikuwa limetoka kushindwa vitani na watu wake walikuwa mateka mikononi mwa Waislamu. Habari ya ndoa ilipoenea, Waislamu wa kawaida kila mtu nyumbani kwake akaona aibu: vipi niwashike utumwani wakwe wa Mtume? Bi Aisha anasimulia kwamba nyumba mia moja ziliachiwa huru kwa sababu ya mwanamke mmoja.

Huko ukwe uliteremka hadi kwa mwenye mateka mmoja. Ule wa Berlin haukuwahi kutoka ukumbini. Mkulima wa Bavaria na mchimba makaa wa Wales hawakuambiwa kwamba wameoana, waliambiwa tu kwamba wanapigana. Sembuse kijana wa Masoko.

Wazee wana msemo: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Maana yake usiingie, wana wao. Shauri zuri sana, ila wale ndugu walipogombana babu yangu alinyang'anywa jembe. Hapa Afrika Mashariki Waingereza peke yao walibebesha mizigo watu wapatao milioni moja, na waliokufa njiani kwa kuhara, njaa na uchovu ni zaidi ya 90,000 kwa hesabu zao wenyewe.

Msidhani nawasema Wazungu ili niwasifu wa kwetu. Ninaishi kilomita chache kutoka Kalenga, siwezi. Mtwa Munyigumba, mtawala wa Wahehe, alipofariki mwaka 1879, aliyemnyang'anya mwanawe Mkwawa urithi alikuwa Mwambambe, mkwe wa marehemu, mtu aliyepewa binti na cheo na Munyigumba mwenyewe. Mkwawa alikimbilia Ugogo, akarudi, na mahali walipopigana panaitwa Lundamatwe, palipolundikwa vichwa. Huo nao ulikuwa ukwe.

Lakini Kalenga ile ile ina pia habari ya Mpangile. Wajerumani walipokuwa wanamwinda Mkwawa, walimsimika nduguye huyo awe mtawala badala yake, Desemba 1896. Februari 1897 wakamnyonga, wakimtuhumu kwamba anamsaidia kaka yake porini kwa siri. Kiti alikuwa nacho. Angeweza kukilinda kama George alivyolinda chake. Nikiwaza watu hao wawili pamoja, ndugu wa Kalenga na ndugu wa London, najua ni yupi ningependa nimpelekee posa.

Na mambo yana vichekesho vyake. Ndoa ikivunjika kwetu, koo hukaa kuhesabu kinachorudi: ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi. Wale wakwe wa Ulaya nao walikaa Versailles mwaka 1919 kuhesabu, na ndani ya mkataba ule mkubwa, kifungu cha 246, Ujerumani ikaamriwa irudishe fuvu la Mkwawa, aliyejiua kwa risasi mwaka 1898 akakatwa kichwa. Lilirudi Kalenga mwaka 1954, likapokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Ng'ombe gani huyo wa mahari, miaka 35 anatafutwa zizi.

Nisisahau utani. Wahehe na Wangoni walipigana karne ya kumi na tisa hadi wakachoshana, hakuna aliyemmaliza mwenzake. Leo Mngoni akifika kwenye msiba wa Mhehe hapa Iringa anaweza kulala mahali pa maiti akadai alipwe ndipo kaburi lichimbwe, na wafiwa watacheka huku wanafuta machozi. Wafalme wa Ulaya waliweka arusi kabla ya vita. Wazee wetu waliweka mzaha baada ya vita, na katika mzaha huo kila Mngoni na kila Mhehe amepewa kazi ya kufanya siku mwenzake akifiwa. Mimi huu wa pili naona una akili zaidi.

Sasa Ilula, nisije nikaonekana nimemkimbia yule mzee.

Mwaka 1998 nilimposea mtoto wa kaka yangu binti wa Ilula, nyumba ya wakulima wa vitunguu, watu wema. Nikasema maneno yangu ya undugu. Baada ya miaka mitatu kijana akaweka mwanamke mwingine huko Mwanjelwa, Mbeya, binti akarudi kwao na watoto wawili. Baba yake akaniandikia barua, akaituma kwa basi. Nikaisoma mara mbili. Nikamjibu kwamba kijana ni mtu mzima, mimi nilikuwa mshenga tu, yaliyo ndani ya nyumba siyajui. Barua yenye heshima, mwandiko mzuri. Sikwenda.

Mzee yule alifariki miaka miwili baadaye. Nilipata habari asubuhi, nikakaa nyumbani siku nzima nikijipa shughuli. Siku ya pili mke wangu akaniuliza kama viatu vyangu vimepotea. Nikaenda. Nilikaa mwisho wa benchi, hakuna aliyenisemesha, hakuna aliyenifukuza, kila mtu ananijua. Ndipo mjane akatoka ndani na maji ya kunawa, akanijia mimi kwanza, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mshenga amefika. Mpeni chakula."

Ningependa kusema nililia. Sikulia, nilikula, na kila tonge lilikuwa kama nameza kokoto. Wiki ile ile nilipanda basi la Mbeya, nikaenda kuketi na wazee wa ukoo wetu na yule kijana katikati yetu. Ndoa haikurudi. Ada ya watoto wale tulilipa sisi hadi kidato cha nne, kila Januari, na niliipeleka mwenyewe mkononi, sikutuma.

Hayo ndiyo niliyomjibu baba mdogo wa Kalenga kicheko kilipoisha. Nilisema, ndiyo baba, na wa Ilula niliwaambia hivyo hivyo, na walinidai. Akatikisa kichwa, akasogeza orodha, tukaanza kupunguziana.

Kanisa langu jina lake la asili, tangu mwaka 1457 kule Bohemia, ni Umoja wa Ndugu. Wamisionari wake Wajerumani walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1916 Waingereza waliwakamata kama maadui wakawaondoa. Wakristo wenyeji wakaendelea kukusanyika, na baadaye wakaja kuwatunza Waskoti wa misheni ya Livingstonia, raia wa mfalme adui, hadi Wamoravia waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Bibi yangu alibatizwa na mchungaji Mskoti ndani ya kanisa lililojengwa na Wajerumani. Nilipokuwa kijana nilidhani hiyo ni habari ya utawala wa kanisa tu. Leo naona kwamba watu wale walijiona wanadaiwa habari za wenzao.

Maana tunahubiriwa kila siku kwamba sote ni damu moja, tumetoka kwa Adamu. Kaini na Abeli walitoka kwa Adamu karibu kuliko sisi, haikusaidia. Jambo la kushangaza katika kisa kile ni kwamba Mungu hakuanza na hukumu. Alianza kwa kumuuliza Kaini habari za ndugu yake, yuko wapi. Naanza kuamini kwamba undugu, mbele za Mungu, si kitu kilichomo kwenye damu hata kidogo. Ni kuwa na mtu mwenye haki ya kukuuliza swali hilo, na wewe ukashindwa kumtazama. Kaini alijibu kama nilivyojibu mimi barua ya Ilula. George hakuulizwa na mtu.

Hapa Iringa mjini yapo makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri, nyasi zimekatwa. Wamelala humo askari wa George na askari wa Wilhelm ndani ya uzio mmoja. Nimewahi kwenda na wanafunzi, wakasoma majina.

Babu alitoka Masoko na wenzake wanne wa rika lake. Walirudi wawili. Mmoja wa wale ambao hawakurudi alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, aliyeharisha njiani kati ya Njombe na Malangali, baridi ya Julai, na msafara haukusimama. Babu aliamriwa achukue na mzigo wake. Mwaka 1919, vita vimekwisha, alifunga chakula akarudi kwa miguu peke yake kupatafuta mahali alipomwacha, kwa sababu mama yake mdogo alikuwa akimuuliza. Hakupaona.

Mama mdogo aliendelea kumuuliza hadi alipokufa.